Kumtembelea mgonjwa: mwongozo kamili kwa kikundi cha maombi

Simama jioni langoni mwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi, pale karibu na Kondele. Wenyeji wa Kisumu bado huiita "Russia", maana ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Utawaona wanakuja: akina mama waliovaa sare za chama, Biblia zenye zipu kwapani, chupa za uji, vikapu vya ndizi. Nia yao ni njema. Lakini mgonjwa aliyezungukwa na watu kumi na watano, akaimbiwa nyimbo tatu, akahubiriwa, kisha akaombewa kwa sauti ya mkutano wa injili, hubaki hoi kuliko alivyokuwa kabla hamjafika. Na hawezi kusema, kwa sababu mgeni hafukuzwi.

Huduma hii ina kanuni moja inayozaa nyingine zote: ziara ni ya mgonjwa. Kikundi kinachokwenda ili kionekane kimekwenda kitafanya kila kosa lililotajwa hapa chini.

Kabla ya kutoka nyumbani

Piga simu kwanza, kwa mgonjwa mwenyewe au kwa anayemuuguza. Kutokea ghafla ni desturi yetu na majirani hawaoni vibaya, lakini mtu aliyelazwa huenda yuko kwenye kipimo, anaoshwa, au amepata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Uliza kwa namna inayomruhusu kukataa bila aibu: "Mama Achieng, tungependa kuja kukuona kesho saa tisa, watu wawili. Itakufaa, au tukuache upumzike tuje Alhamisi?" Ukisema tu "Tunakuja kesho", atajibu "Karibuni" hata kama hataki, na hapo utakuwa umejifunza adabu yake tu.

Idadi ni watu wawili. Watatu ndio mwisho. Wodi ya akina mama waliojifungua au waliofanyiwa upasuaji wa uzazi, waende wanawake. Kwa mzee mwanamume mwenye mpira wa mkojo, awepo mwanamume. Kama chama kina watu ishirini wanaotamani kwenda, gawanyeni siku. Wawili wawili kwa siku kumi ni bora mara kumi kuliko ishirini kwa siku moja, kwa sababu siku ya tano ndiyo wageni hukauka na mgonjwa huanza kuhesabu mbao za dari.

Wako wasiofaa kwenda, na kiongozi awe na ujasiri wa kuwaambia. Mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuendesha abaki nyumbani. Aliyezika mtu wake majuzi kwa ugonjwa uleule naye asiende bado, maana atalia na mgonjwa ndiye atakayembembeleza. Halafu kuna yule ambaye siri haikai kwake; kila kikundi kinaye na kila mtu anamjua. Mpeni kazi ya kupika uji, si ya kuupeleka.

Saa za kuona wagonjwa hutofautiana kutoka hospitali moja hadi nyingine, hivyo muulize anayemuuguza. Wachungaji mara nyingi huruhusiwa nje ya saa hizo. Ruhusa hiyo ni ya mchungaji, haibebi kwaya nyuma yake. Kisumu na Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo beba mwavuli. Mtu aliyelowa akimwinamia mgonjwa humpa baridi, na kwa mwenye selimundu, ambao ni wengi eneo hili la ziwa, baridi peke yake yaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa.

Mkobani weka Biblia ndogo, daftari na kalamu, sanitaiza, barakoa mbili na tishu. Usijipake manukato, mwenye kichefuchefu cha dawa atayasikia ukiwa mlangoni.

Wodini

Anzia kwenye meza ya wauguzi, hata kama kitanda unakijua. Sema: "Sista, tumekuja kumwona Mama Achieng, kitanda cha 14. Kuna jambo la kuangalia tukiwa naye?" Hili "jambo la kuangalia" ndilo litakalokuambia kwamba hapaswi kula, kwamba barakoa inahitajika, au kwamba daktari anapita baada ya dakika tano. Usiulize anaugua nini. Muuguzi haruhusiwi kukuambia, na ukimbana unamweka pabaya.

Osha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na uioshe tena ukitoka. Sabuni na maji kwa sekunde ishirini, au sanitaiza hadi ikauke yenyewe. Watu hukumbuka ya kuingia na kusahau ya kutoka, kisha hushika mtoto nyumbani kwa mkono uliotoka wodini.

Wasalimie walio vitanda vya jirani. Katika wodi zetu vitanda vimebanana, wakati mwingine wagonjwa wawili wanalala kimoja, na hakuna upweke kama wa kutazama mwenzako akiombewa huku wewe ukipitwa kama fanicha. "Habari ya jioni, mama, pole" inatosha. Akitaka zaidi, atasema.

Vuta kiti ukae usawa wa macho yake. Usikalie kitanda: huenda kuna mfuko wa mkojo umening'inia upande ule, mshono ulio mbichi, au waya wa dripu chini ya shuka. Dripu ikiisha au ikianza kulia, mwite muuguzi. Usiifunge wala kukizungusha kile kigurudumu cha mrija. Kiasi kinachoshuka kimehesabiwa, na ukikifungua kumwongezea "nguvu" unaweza kuujaza moyo na mapafu maji.

Jitambulishe hata kama mnajuana tangu ubatizo. Homa na dawa za maumivu huchanganya sura za watu. Mwite anavyopenda kuitwa: Mama Achieng, Mzee, Dada Nekesa, Mwalimu. Bibi mzee wa Kijaluo ukimwita "dani" utaona uso ukilegea. Kwa Waluhya salamu ya "mulembe" inafanya kazi ileile.

Swali la kwanza lina uzito kuliko mnavyodhani. "Unaendeleaje?" hujibiwa "Niko salama, tunamshukuru Mungu" hata na mtu aliyevunjika miguu yote miwili. Uliza jambo dogo lenye jibu: "Usiku wa jana ulikuwaje?" "Umeweza kula nini leo?" Hapo ndipo atakwambia kwamba hakulala kwa sababu anaogopa upasuaji, au kwamba watoto wamerudishwa shule kwa karo na hajui nani atakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni wa tatu katika orodha ya yanayomkosesha usingizi.

Baada ya swali, nyamaza. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema katika kitabu kizima: waliketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Mgonjwa akilia, mpe tishu na usubiri. "Usilie, kuwa na imani" ni amri ya kumtuliza mgeni, si ya kumfariji anayelia.

Msikilizaji mzuri hamalizii mtu sentensi, hasemi "hata shangazi yangu alikuwa na hiyo hiyo", wala hatoi jina la mtishamba wa Luanda kule Vihiga. Akiona saa ya ukutani inasogea, hatazami simu.

Dakika kumi hadi kumi na tano kwa aliye hospitalini, pamoja na maombi. Nyumbani kwa mtu anayepata nafuu, nusu saa hadi dakika arobaini. Dalili za kuondoka ni rahisi: anajibu kwa neno moja, anafumba macho, anasogezasogeza mto. Ukiona mbili kati ya hizo, omba uende, hata kama ndio kwanza umefika.

Kuomba kando ya kitanda

Usianze kuomba kabla ya kuuliza: "Ungependa tukuombee? Tukuombee nini hasa?" Kisha ngoja jibu kweli. Huenda wewe umekuja na maombi ya kansa, naye anataka kuombewa kijana wake asiyempigia simu tangu Januari. Omba alilosema, kwa maneno yake aliyotumia. Akisema hataki maombi leo, sema "Sawa, mama, tutakuombea tukiwa nyumbani" na uendelee kukaa naye muda uleule uliopanga. Ukiondoka hapo hapo atajua ulifuata nini.

Omba kwa sauti ya mazungumzo. Wodi si yenu peke yenu. Kitanda cha tatu huenda kuna Mwislamu, au mtu anayekata roho. Dakika moja au mbili zinatosha. Kwa aliyekwambia anaogopa upasuaji wa kesho, maombi yanaweza kuwa haya tu:

"Baba yetu, Mama Achieng anaogopa kesho, na ametuambia. Wewe unaijua hofu yake kabla hajaisema. Kaa naye usiku huu, umpe usingizi. Shika mikono ya daktari na ya wauguzi. Na Achieng na wadogo zake walioko nyumbani Nyalenda, uwalinde mpaka mama arudi. Tunaomba kwa jina la Yesu. Amina."

Tazama kilichoachwa. Hakuna mahubiri yaliyofungwa ndani ya sala, kama "Bwana, mfundishe aachane na pombe". Hakuna utabibu wa kubahatisha mbele za Mungu. Hakuna "tunatangaza amepona sasa hivi". Omba uponyaji kwa moyo wote, ndiyo, Yakobo ameagiza. Lakini ukitangaza umekwisha, usiku maumivu yanaporudi mgonjwa ana mizigo miwili: ugonjwa, na aibu ya imani iliyoshindwa. Pia epuka kumwombea mtu "safari njema" wakati hakuna aliyemwambia anakufa.

Lugha ya maombi iwe ile anayootea ndoto. Kiswahili cha kanisa cha mjini kinamfaa kijana. Bibi wa Maragoli au wa Ahero aombewe kwa lugha yake, na kama hakuna anayeijua kati yenu, badilisheni mmoja wa wanaokwenda.

Kabla ya kumwekea mikono uliza. Mkono mwepesi begani au juu ya kiganja unatosha. Kumkandamiza kichwa, kumtikisa au kumsukuma ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu, aliyefanyiwa upasuaji au aliyeumia shingo.

Maandiko yawe mafupi, mistari minne hadi minane. Zaburi 23 na 121 wengi wanazijua kwa moyo, na mtu mgonjwa hupata nguvu ya kuzifuatisha kwa midomo: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Mwache aseme mwenyewe mstari wa pili. Kwa aliye na uchungu na Mungu, msomee Zaburi 42 au hata 88, ambayo inaishia gizani bila kufarijiwa. Itamwonyesha kwamba malalamiko yake yamo ndani ya Biblia. Mathayo 8 na Luka 17, zenye visa vya walioponywa, zitafaa siku nyingine. Warumi 8:28, kwamba mambo yote hufanya kazi kwa mema, ni kweli, lakini ukiisoma kwa mama aliyempoteza mtoto leo asubuhi inaumiza kama kofi.

Mafuta

Yakobo 5:14 inasema mgonjwa "na awaite wazee wa kanisa", nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalia nani anaita: mgonjwa. Hakuna mahali panaposema wazee wamfuate mbio na chupa ya mafuta.

Wakatoliki wafahamu kwamba Mpako wa Mafuta ni sakramenti na mhudumu wake ni padri (au askofu), kwa mafuta ambayo kwa kawaida hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma karibu na Pasaka. Jumuiya ndogo ndogo haipaki. Kazi yake ni kumwita padri mapema, mgonjwa akiwa bado ana fahamu ya kuungama, badala ya kungoja pumzi za mwisho. Kanisa halisemi tena kwamba ni sakramenti ya wanaokufa tu. Makanisa ya Kianglikana, Kipentekoste na mengine yana taratibu zake. Uliza mchungaji wako nani ameidhinishwa.

Kwa namna yoyote, tone moja kidoleni, kwenye paji la uso. Mafuta hayaingii kwenye kidonda, jicho wala mshono, na hayanywewi. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, usipake mafuta usoni wala mikononi mwake, na mshumaa usiwashwe kabisa: oksijeni hufanya mafuta na nguo kushika moto kwa kasi isiyo ya kawaida. Hapo omba tu, mafuta yatasubiri.

Imani na dawa

Hili ndilo eneo ambalo huduma njema huua watu, kwa hiyo tulikalie.

Mtu anayetumia ARV, akiacha, virusi hurudi damuni ndani ya wiki chache, na vinaweza kurudi vikiwa sugu. Mwenye kisukari cha kutegemea insulini akiikosa anaweza kuzimia ndani ya siku moja au mbili. Mwenye kifafa akikatiza vidonge ghafla anaweza kupata degedege isiyokoma. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6; mgonjwa hujisikia vizuri baada ya wiki chache, anaacha, na bakteria waliobaki ndio wale wagumu kuliko wote. Shinikizo la damu ndilo danganyifu zaidi kwa sababu mara nyingi halina dalili: mtu anaombewa, anajisikia mwepesi, anatupa vidonge, na kiharusi kinamkuta shambani miezi mitatu baadaye.

Kwa hiyo, mgonjwa akikwambia, "Nabii fulani ameniambia nimepona, niache dawa", usimtukane nabii, maana mgonjwa atajifunga. Mfungulie Luka 17:14. Wakoma kumi walipomlilia Yesu, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na chini ya torati kuhani ndiye aliyempima mtu na kutangaza kwamba ukoma umekwisha. Basi mwambie: "Tunamshukuru Mungu, dada. Nenda kliniki ukapimwe, na dawa uendelee nazo mpaka daktari mwenyewe aseme." Muujiza wa kweli hauogopi maabara. Isaya naye aliagiza kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu la Hezekia (Isaya 38:21), na Paulo, ambaye vitambaa vyake viliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20).

Kufunga kula vilevile. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na anayemeza dawa zinazohitaji chakula wasifungishwe. Wengine wafunge kwa ajili yake.

Halafu kuna swali la sababu. Familia nyingine itakunong'oneza kwamba ni chira (laana ya kuvunja mwiko kwa Wajaluo), au kijicho cha jirani, au dhambi ya zamani. Usibishane kando ya kitanda na usikubali kuwa hakimu. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akajibu si huyu wala wazazi wake (Yohana 9:3). Mgonjwa mwenyewe akitaka kuungama jambo, msikilize faragha au umwitie padri au mchungaji. Akitaka kupatanishwa na ndugu, hiyo ni kazi nzuri ya kikundi: mpigieni ndugu simu.

Chakula na zawadi

Usimpe mgonjwa chochote mdomoni kabla ya kumuuliza muuguzi. Anayesubiri upasuaji hukatazwa chakula kwa saa zisizopungua sita. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa kilichotolewa kwa upendo saa moja asubuhi kinaweza kuahirisha upasuaji wake kwa siku au wiki. Akificha kwamba amekunywa, kinaweza kupanda kutoka tumboni akiwa usingizini na kuingia mapafuni. Aliyepata kiharusi naye huenda hawezi kumeza sawasawa. Uji mwepesi ndio unaompalia zaidi.

Ndizi, machungwa na parachichi, kapu la kawaida la wageni, ni hatari kwa mwenye figo zilizoharibika kwa sababu ya madini ya potasiamu. Soda na juisi ya pakiti si za mwenye kisukari, isipokuwa sukari imeshuka na muuguzi ameagiza. Ukikosa uhakika, peleka kinachotumika bila kuliwa: sabuni ya kipande, mafuta ya kujipaka, tishu, dawa ya meno, pampasi za watu wazima, leso safi, maji ya chupa, salio la simu. Shilingi mia mbili za salio zinaweza kumrudishia mtu sauti ya watoto wake, na hakuna tunda linalofanya hivyo.

Anayemuuguza asisahaulike. Yule binti aliyelala kwenye kiti au chini ya kitanda siku tisa hana wa kumletea chakula. Mpe sahani yake. Bora zaidi, mwambie: "Nenda nyumbani uoge, ulale, mimi nitakaa hapa hadi saa kumi na mbili." Ukitoa ahadi hiyo, baki kweli.

Hospitali ikihitaji damu, hii ni sadaka ambayo kikundi kinaitoa papo hapo. Mtoaji awe mzima, na uzito usiopungua kilo 50. Wanaume hutoa kila baada ya miezi 3, wanawake 4. Ale na anywe maji kabla ya kwenda. Huyu hafungi siku hiyo.

Siri

Usipige picha. Wala ya mkono wenye dripu. Kundi la WhatsApp la kanisa lenye watu 200 ni barabara kuu, si chumba cha maombi. Ujumbe unaofaa ni huu: "Tumemwona Mama Achieng leo, anawasalimu. Anaomba tumkumbuke kwa usingizi mzuri na kwa watoto wake." Hauna ugonjwa, wodi wala nambari ya kitanda, na maneno hayo uwe umemsomea mwenyewe akakubali.

Kwa VVU sheria inauma: tangu 2006 Kenya ina sheria inayokataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. "Tumwombee dada yetu, mnajua hali yake" ni kufichua, hata kama macho yalikuwa yamefumbwa.

Bili

Kabla ya mtu yeyote kutaja harambee, hakikisheni mgonjwa amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Usajili hufanyika kwa *147# au kwa dawati la hospitali. Kwa asiye na mshahara, mchango huhesabiwa kwa mapato ya nyumba, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mara nyingi mchango mdogo wa kikundi wa kulipia mwaka mzima mtu akiwa mzima ungezuia harambee kubwa anapolazwa. Kikundi chenye akili hukagua usajili na michango ya wanachama wake kila Januari.

Bili ikibaki, mpeleke mwanafamilia kwa afisa wa huduma za jamii wa hospitali, hasa katika hospitali za umma. Ofisi hiyo husikiliza wasiojiweza na inaweza kupunguza, lakini hutaka kuhojiana na familia yenyewe, na barua ya chifu husaidia. Nenda mapema, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Mkichanga, pesa zilipwe moja kwa moja kwa akaunti ya hospitali kwa nambari ya mgonjwa, na risiti ibaki kwa familia. Pesa taslimu mkononi mwa shemeji zimevunja vikundi vingi kuliko mafundisho potofu. Mweka hazina aandike kila aliyetoa na kiasi, na asisome orodha hiyo kanisani. Aliyetoa shilingi hamsini alitoa.

Nyumbani, baada ya kuruhusiwa

Hapa ndipo kazi inapoanza na ndipo vikundi vingi huacha. Mgonjwa akiruhusiwa kanisa hushangilia, halafu kimya. Pangeni ziara tatu: siku ya pili au ya tatu, baada ya wiki mbili, na baada ya wiki sita. Wekeni tarehe daftarini mkiwa bado hospitalini, na jina la atakayekwenda.

Kuleni kabla ya kwenda. Katika boma la magharibi mgeni haondoki bila chai, na kuku huenda akachinjwa na familia isiyo na pesa ya dawa. Bebeni sukari kilo mbili, majani ya chai, maziwa na mkate, mvikabidhi mlangoni mkisema, "Tumekuja na chai yetu, tuipike pamoja."

Katika ziara ya kwanza angalieni dawa zipo na tarehe ya kliniki inajulikana. Nauli ya boda boda hadi stendi ya matatu ndiyo huwafanya wengi wakose. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, la sivyo vidonda hufunguka mgongoni, nyongani na visiginoni. Mwanafamilia mmoja hawezi zamu hiyo peke yake zaidi ya siku chache. Mkijigawa usiku mbili tu kwa wiki, mmemwokoa. Nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu fungueni madirisha, kaeni barazani ikiwezekana, vaeni barakoa. Hatari ya kuambukiza hupungua sana baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi, kwa hiyo msimtenge mtu miezi sita kwa hofu.

Ikiwa mtu amerudi nyumbani kufa, muulize anataka nini na umfanyie hicho: wimbo fulani, mtu fulani aitwe, Meza ya Bwana, kiti chini ya mwembe. Kusikia huweza kubaki hata mtu akiwa hajibu, kwa hiyo msizungumzie jeneza wala shamba chumbani. Akifa, familia ndiyo hutangaza.

Akipona, ushuhuda ni wake. Msimsukume kwenye madhabahu Jumapili ya kwanza akiwa bado anatetemeka magoti, wala msimwandikie la kusema. Wengine watataka kusimama mbele ya watu, wengine watataka tu kurudi kwenye kiti chao cha kawaida bila kupigiwa makofi.

Na vyombo. Chupa za uji, sufuria na leso mlizoacha nyumbani kwa mgonjwa afuate mtu mmoja, siku isiyo ya maombi, baada ya wiki ya sita. Ziandikwe majina chini kwa kalamu isiyofutika kabla hazijatoka kwenu, maana chupa mbili za uji za rangi moja zimeshazua ugomvi ambao hata mzee wa kanisa alishindwa kuusuluhisha.